Slovenia au Ubelgiji: nani hasa anatawala baiskeli?

Ukiuliza ni nchi gani inatawala mbio kubwa za baiskeli za wanaume, wengi watakujibu Slovenia, na kihesabu wako sawa. Kuanzia 2019 hadi 2025, mbio tatu kubwa za wiki tatu, yaani Tour de France, Giro d'Italia (Italia) na Vuelta a España (Hispania), kwa jumla zimefanyika mara 21, na mataji 10 yamekwenda kwa nchi yenye watu takriban milioni mbili. Ufaransa, yenye mataji mengi zaidi ya Tour katika historia, haijapata bingwa wa mbio hizo tangu Bernard Hinault mwaka 1985.

Lakini hayo 10 ni ya nani? Matano ya Primož Roglič, matano ya Tadej Pogačar. Basi. Hata Tour ya 2020 ilikuwa yao wenyewe: Roglič aliingia hatua ya kushindana na saa, ambayo kila mmoja huendesha peke yake, akimzidi mwenzake kwa sekunde 57, jioni Pogačar akawa mbele kwa 59. Ukiwatoa wawili hao, anabaki Matej Mohorič aliyeshinda Milan–San Remo 2022, mbio za siku moja za Italia. Si haba, ila huo haujawa utawala wa nchi.

Ubelgiji inahukumiwa kinyume chake. Kwa kuwa bingwa wake wa mwisho wa Tour ni Lucien Van Impe, 1976, watu huiona nchi ya enzi za Eddy Merckx, nguli wake wa miaka ya 1960 na 1970. Wanasahau mbio tano kongwe za siku moja (Milan–San Remo, Ronde van Vlaanderen, Paris–Roubaix, Liège–Bastogne–Liège na Il Lombardia), ambazo kwa mashabiki wengi wa huko zina uzito kuliko jezi ya njano ya kinara wa Tour. Kati ya 2017 na 2025 Wabelgiji sita tofauti walipata ushindi katika mbio hizo: Gilbert, Van Avermaet, Van Aert, Stuyven, Evenepoel na Philipsen. Sita! Philippe Gilbert alishinda Ronde van Vlaanderen 2017 baada ya kujitenga peke yake zikiwa zimebaki kilomita 55 hivi. Kwenye mstari akashuka, akainyanyua baiskeli juu, akavuka kwa miguu.

Mtetezi wa Slovenia atasema katika mbio hizo tano Wabelgiji hao sita kwa pamoja walipata ushindi nane, na Pogačar peke yake kumi. Kweli, na hoja hiyo inauma. Ila mimi napima nguvu ya nchi kwa kuuliza itabaki na nani nyota wake akistaafu, na kwa swali hilo Slovenia haina jibu la kuridhisha.

Milimani, ambako mbio za wiki tatu huamuliwa mara nyingi, ndiko Ubelgiji inakokwama. Evenepoel alipotwaa Vuelta 2022, ilikuwa imepita miaka 44 tangu Mbelgiji ashinde mbio za wiki tatu. Tour ya 2024 alimaliza wa tatu, zaidi ya dakika tisa nyuma ya Pogačar.