Kuhifadhi kurasa za wavuti: tuziamini programu nyongeza kwa kiasi gani?

Tarehe 8 Julai 2025 Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, iliizima Pocket, huduma iliyoanza mwaka 2007 kama programu nyongeza ya Firefox, yaani programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari, kwa jina la Read It Later. Kwa miaka mingi watu waliitumia kuweka makala pembeni ili wazisome wakipata nafasi, hata pasipo mtandao. Ilipofungwa, watumiaji walipewa muda wa kuondoka na vitu vyao, lakini walichopakua kilikuwa orodha ya vichwa vya habari na anwani. Makala zenyewe hazikuwemo.

Wapo waliosema hilo linathibitisha kwamba kuhifadhi kurasa ni kazi bure, kwani ukitaka kitu utakitafuta tena mtandaoni. Siungi mkono hoja hiyo. Utafiti wa Pew Research Center wa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Na hapa kwetu kurasa hazipotei kwa uzee tu. Juni 2018, kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni zilipoanza kubana Tanzania, jukwaa la mijadala la JamiiForums lilisimama kwa muda, na wenye blogu ndogo walikabiliwa na ada za leseni zilizofika takribani shilingi milioni 2.1 kwa mwaka wa kwanza. Wengi hawakuwa na fedha hizo. Halafu kuna siku kama 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kusuasua. Siku hiyo aliyekuwa na makala yake ndani ya kompyuta aliendelea kusoma.

Kwa hiyo kuhifadhi kuna maana. Swali ni kuhifadhi kwa njia gani, na hapa ndipo programu nyongeza zinapostahili sifa na lawama kwa pamoja.

Tuanze na sifa. Ukibonyeza Ctrl+S kwenye kivinjari cha kompyuta na kuchagua kuhifadhi ukurasa mzima, unapata vitu viwili: faili la HTML, lenye maandishi ya ukurasa, na folda pembeni yake ambayo jina lake linaishia na _files. Picha na mapambo yote yamo kwenye folda hiyo. Nakili lile faili peke yake kwenye flashi, mpelekee mwenzako, naye atafungua maandishi yaliyoparaganyika yasiyo na picha hata moja. Programu nyongeza ya SingleFile inamaliza tatizo hilo kwa kuzigeuza picha kuwa msimbo wa herufi na kuzipachika ndani ya faili lenyewe, pamoja na fonti na mpangilio. Linabaki faili moja, linalofunguka kwenye kivinjari chochote, bila akaunti na bila huduma ya mtu. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi, juu kabisa utakuta anwani ulikotoka ukurasa na tarehe ulipohifadhiwa. Mwanafunzi anayeandika tasnifu, au mwandishi wa habari anayefuatilia tangazo la zabuni, anajua thamani ya mistari hiyo miwili.

Lakini ili ifanye kazi hiyo, programu ya namna hii lazima iruhusiwe kusoma ukurasa ulioufungua. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha data zako kwenye tovuti zote. Hiyo ni pamoja na barua pepe yako, akaunti yako ya benki na mfumo wa ofisini. Watu hubonyeza kukubali kwa sababu wana haraka. Hatari yenyewe imeshatokea: The Great Suspender, programu nyongeza ya Chrome iliyopumzisha vichupo (tabs) visivyotumika ili kupunguza mzigo wa kompyuta, ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni mbili na jina zuri. Mwaka 2020 ilipata mmiliki mpya, na Februari 2021 Google ikaiondoa kwa kuwa na msimbo hasidi. Watumiaji hawakubadilisha chochote. Mmiliki ndiye aliyebadilika, na sasisho likaingia kimyakimya.

Ndiyo maana nashauri mambo mawili bila kusita. Tumia programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kukaguliwa. Na kwenye Chrome, ingia kwenye mipangilio ya programu nyongeza uiwekee ifanye kazi pale tu unapoibonyeza.

Lawama ya pili ni umri. Novemba 2017, Firefox 57 ilipoacha kupokea programu nyongeza za mfumo wa zamani, ScrapBook, iliyokuwa ya kuhifadhi kurasa, ilikufa pamoja na nyingine nyingi. Waliohifadhi kurasa zao kwa umbizo la MAFF, lililofunga ukurasa mzima ndani ya faili moja, walijikuta na mafaili ambayo kivinjari hakiyatambui, ingawa kwa bahati MAFF kwa ndani ni faili la ZIP tu, na ZIP hufunguka kwa programu za kawaida. Hapo naona tofauti kubwa kuliko zote: HTML ya kawaida haikulazimishi uendelee na programu uliyoitumia kuihifadhi.

Kwa wanaotumia simu, na ndio wengi wetu, mjadala huu una kona yake. Chrome ya Android haipokei programu nyongeza. Ina kitufe chake cha kupakua ukurasa, kinachotosha kwa kusoma ndani ya daladala bila kula bando. Firefox ya Android inazipokea, na tangu Desemba 2023 ilifungua mlango kwa nyingi zaidi.

Yapo pia yasiyohifadhika vizuri. Video mara nyingi huachwa nje. Picha ambazo hupakuliwa unapozifikia huweza kukosekana, basi shuka hadi mwisho wa ukurasa kwanza. Na ukihifadhi ukiwa umeingia kwenye akaunti yako, jina lako na picha yako vitabaki humo humo. Angalia kabla ya kulitupia faili kundi la WhatsApp.

Jambo la mwisho ni ushahidi. Faili la HTML linahaririwa na yeyote anayejua kuandika, kwa hiyo nakala yako inakutosha wewe kusoma ila haimshindi anayekubishia. Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, inaweza kukuhifadhia ukurasa kwenye Wayback Machine, hazina yake ya kurasa za zamani, kwa tarehe ambayo wewe huwezi kuigusa. Nayo ilishambuliwa Oktoba 2024 ikakaa siku kadhaa bila kupatikana. Tangazo la ajira, bei iliyotangazwa, kauli ya kiongozi: kurasa za aina hii nazipeleka kule kwanza, kisha naweka faili langu kwenye diski.