Ramani ya Kale Kabla ya Bikoni za Bagamoyo

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, tangu Mapinga hadi Zinga na Kiromo, mabango ya viwanja yanakusindikiza njia nzima. Greda likishapita, bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja, zinasimikwa, na mnunuzi hakawii kuchimba msingi. Kwa kasi hiyo, hoja kwamba halmashauri iwe na ramani ya maeneo yanayoelekea kuwa na masalia ya kale, kabla ya michoro ya mipango miji kupitishwa, siioni kuwa ya anasa hata kidogo.

Ramani ya namna hii haihusu magofu yanayojulikana. Kaole, jirani na mji wa Bagamoyo, ina msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya minara, mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale mwaka 1958, na wageni wanalipa kiingilio. Kinachotafutwa ni pale ambapo hakuna aliyechimba lakini dalili zipo: maji baridi ya karibu, hori lenye mikoko la kukinga vyombo na kusi, mwinuko mdogo, udongo unaokubali mazao. Mwanaakiolojia Profesa Felix Chami ameonyesha kuwa ukanda huu wa pwani ulikuwa na wakulima na wahunzi karne nyingi kabla ya misikiti ya mawe. Hawakuacha kuta. Waliacha vigae vilivyochorwa pembetatu, shanga, na mavi ya chuma, yale mabonge mazito yenye vitundu ambayo fundi wa shimo la choo huyatupa pembeni akidhani ni jiwe lililoungua.

Wenye mashamba wana hofu yao, na si ya kipuuzi. Shamba likipakwa rangi nyekundu kwenye karatasi ya serikali, bei inashuka kabla hata jembe la mtafiti halijagusa ardhi. Nani atamfidia mzee ambaye shamba lake "huenda" lina kitu?

Halafu kuna wasaka mali za Mjerumani. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, na simulizi za rupia zilizofukiwa hazijaisha. Ukiwapa watu hao ramani yenye nukta, umewaandalia ratiba ya kazi za usiku.

Pingamizi linaloniumiza kichwa zaidi, hata hivyo, limo ndani ya ramani yenyewe. Ramani ya namna hii huchorwa kwa kompyuta, nayo hujifunza kutokana na maeneo yaliyokwisha kugunduliwa, na watafiti wengi wamepita ufukweni na kandokando ya barabara. Mawe yanaonekana; nyumba za udongo na makuti, walimoishi watu wengi, zimerudi ardhini. Basi mahali paliposalia peupe huenda ni mahali ambapo hakuna aliyefika, lakini dalali wa viwanja atausoma weupe huo kama kibali.

Je, sheria haitoshi? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu na majengo ya kabla ya 1863, ila ulinzi huo unahitaji kwanza mtu atambue alichokipata. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai tathmini ya athari kwa mazingira kwa miradi mikubwa, na mradi wa bandari ya Mbegani, jirani na Kaole, haiwezi kuikwepa. Nyumba ya mtu mmoja mmoja haipiti huko. Nyumba hizo zikiwa mamia, zinachimbua ardhi kubwa bila mtu yeyote kuulizwa.

Kwa hiyo ramani ichorwe, ila kwa vivuli vya uwezekano badala ya nukta. Vipimo kamili vibaki kwa Idara ya Mambo ya Kale na maofisa ardhi. Pia iwe na rangi mbili ambazo nyingi za aina hii hazina: moja ya "pametembelewa, hapakuonekana kitu", nyingine ya "hapajatembelewa". Bila tofauti hiyo mimi ningeikataa.

Kuhusu gharama, njia nyepesi ipo tayari. Kila mchoro wa viwanja hutenga maeneo ya wazi na viwanja vya michezo, ambavyo mara nyingi husukumwa kwenye kona isiyouzika. Mpangaji akiwa na ramani mezani kabla ya kuchora, anaweza kuyaweka juu ya vivuli vizito, na idadi ya viwanja vya kuuza isipungue sana. Akiletewa ramani hiyo baada ya bikoni kusimikwa, yatabaki mambo ya fidia na mahakama.