Mashine inabeba karatasi mbili mbili, nimechoka

Jamani kama kuna mwingine anapiga kazi ya kuprinti huku Mbeya aje tulie wote, maana hii mashine itanipa presha. Kazi yenyewe ni ndogo tu, upepo upulize ukingoni mwa rimu ili karatasi za juu ziachane, halafu vile vimpira vya kunyonya vishike MOJA, nasema moja, viipeleke mbele. Sasa yenyewe inabeba mbili mbili kama daladala ya Uyole jioni, zikiingia mbili inasimama, natoa, nawasha, karatasi kumi tu imesimama tena. Na Julai hii ndo balaa, baridi kavu, karatasi zinajaa ule umeme wa kwenye sweta zinagandana kama zimepakwa gundi, mtu mzima nasimama napepeta rimu kwa mikono utadhani mchele wa Kyela. Masika nako si afadhali, zinanyonya unyevu zinajikunja pembeni, vimpira vinavuta hewa tu.

Leo niko na kadi za mchango wa harusi tangu saa mbili asubuhi, mama wa bwana harusi kaja mara tatu toka Mwanjelwa, "mwanangu, bado tu?" Shikamoo mama, bado. Namwambia bosi vimpira vimechoka vimepasuka, hivi ni vya kubadilisha, ananijibu eti vifute na spiriti.

Nimevifuta. Imebeba tatu.