Makato ya bima yafanyike mnadani, na mfuko uwe mmoja

Mkulima wa Newala akiuguliwa na mtoto mwezi wa Agosti, mfukoni hana kitu. Fedha za msimu uliopita zimeishia kwenye ada na palizi, salfa ameshapiga, mikorosho ndiyo kwanza ina maua. Kinachofuata kila mtu wa Kusini anakijua: kangomba. Mnunuzi anatoa fedha leo kwa bei ya kutupa, Oktoba anakuja kubeba magunia. Serikali imekataza miaka nenda rudi, lakini mwenye mgonjwa ndani hasikilizi tangazo la mkuu wa wilaya.

Kwa hiyo bima ya afya huku ni suala la kilimo pia. Na tatizo lake kubwa si kwamba watu "hawana uelewa". CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, kuanzia 2018 ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Hiyo haikuwa bei mbaya. Ubaya ni kwamba ilikuwa ya hiari. Jambo la hiari, wa kwanza kulikimbilia ni mwenye mgonjwa, na mzima anasubiri mpaka naye augue. Toto Afya Kadi, bima ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mtoto, na mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa kwa sababu hiyohiyo: waliokuwa wakiandikishwa, wengi walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi walilalamika, na haki walikuwa nayo, ila hesabu haikuwa upande wao.

Tuipige hesabu yenyewe. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara tatu kwa wiki, yaani mara 156 kwa mwaka. Tuseme kila mara ni shilingi 150,000. Inakuja milioni 23.4. Kwa mchango wa 30,000, zinahitajika kaya 780 ambazo hakuna hata mmoja aliyeugua, ili kumhudumia mtu huyo mmoja. Mfuko wa kata hauwezi. Wa wilaya utayumba. Mfuko wa nchi nzima hata hautetereki.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kuifanya bima kuwa ya lazima ni sawa kabisa. Ila sheria imeruhusu skimu nyingi, ya umma na za kampuni binafsi. Kampuni ikija Mtwara itaanzia wapi? Kwa wafanyakazi wa mitambo ya gesi Madimba na wa kiwanda cha saruji: vijana, wenye mshahara, makato yao yanakatwa kirahisi. Bibi wa Nanyamba mwenye presha ataachiwa mfuko wa umma. Korea Kusini walikuwa na vyama vya bima zaidi ya 350, na vile vya vijijini, ambako walibaki wazee na wakulima, vilikuwa hoi. Mwaka 2000 wakaviunganisha kuwa mfuko mmoja. Taiwan waliunganisha za kwao mapema, 1995. Sisi tunaanza sasa, tuna sababu gani ya kupitia njia ndefu?

Sasa ukusanyaji. Kumtaka mkulima alipe kila mwezi ni kumtaka alipe akiwa hana. Ana fedha mara mbili: Juni kama analima ufuta, hasa wa Lindi, na kuanzia Oktoba korosho zikiingia mnadani. AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, tayari inakata ushuru wake kwa kila kilo kabla fedha haijafika benki. Ongeza hapo kato la bima. Kwa mfano shilingi 40 kwa kilo: mwenye kilo 400 anachangia 16,000, mwenye tani tatu anachangia 120,000, na wote wanatibiwa dirisha moja.

Wapi patavuja? Kwanza, mtu kuuza kwa jina la shemeji. Dawa yake ni kuunganisha namba ya mkulima na kitambulisho cha taifa, na daftari la pembejeo za ruzuku lisafishwe kwanza, maana majina hewa humo yanajulikana. Pili, msimu kuharibika. Mwaka 2018 minada ilikwama, Serikali ikazinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo waliosubiri fedha zao miezi mingi. Mfuko unaotegemea korosho peke yake ungekufa mwaka ule. Ukiwa mmoja wa taifa, mpunga wa Mbeya unatubeba, na siku mvua ikiwatupa wao, korosho inawabeba. Wavuvi wa Kilwa na Msimbati wakatwe pale samaki wanapopigwa mnada. Kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF zilipiwe na kodi, na fedha hiyo itengwe kweli, isiwe kama msamaha wa wazee na watoto chini ya miaka mitano: msamaha upo kwenye sera, fidia kwa zahanati haipo, na mzee anaambiwa dawa akanunue duka la jirani.

Mfuko mmoja, ukiwa mnunuzi pekee wa huduma za afya, una nguvu ya bei, lakini nguvu hiyo ina makali pande mbili. Machi 2024 bei mpya za NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, zilipoanza, baadhi ya hospitali binafsi zilisitisha huduma kwa wenye kadi, na mgonjwa ndiye aliyekaa njia panda. Bei ya huduma isipangwe na anayelipa peke yake. Ipangwe na chombo kingine, chenye watoa huduma ndani yake, na hesabu zitangazwe.

Na madai ya vituo vya afya yalipwe kwa wakati. Dai hukatwa kwa vitu vidogo: saini imesahaulika, dawa haiendani na ugonjwa ulioandikwa, dozi imezidi mwongozo. Kukata ni halali, ila sababu ya kila kato irudi kituoni ndani ya wiki mbili, jina la dawa na tarehe, ili mganga mfawidhi arekebishe kabla hajatuma ya mwezi unaofuata. Kituo kisicholipwa hakiwezi kuagiza dawa Bohari ya Dawa ya Serikali, na Agosti ikifika yule mkulima wa Newala atakuwa na kadi mkononi, dirishani anaandikiwa karatasi ya kwenda dukani, na mnunuzi wa kangomba yuko palepale barazani.