Mwacheni kijakazi apende

Pale misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu mkubwa, na ndani ya shina lake kumezama kipande cha mnyororo. Wageni wakiuona hunyamaza, wengine machozi huwalengalenga. Masimulizi ya misheni yenyewe ni kwamba mnyororo ule ulikuwa wa punda: Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akitibu wagonjwa pale, alimfunga punda wake, mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa ukaumeza. Ukimweleza mgeni hivyo, huona kama amenyang'anywa kitu. Kwake yeye mtu wa zamani wa Bagamoyo ni mtu wa kwenye mnyororo, basi.

Mbuyu huo umenirudia kichwani kwa sababu ya ubishi uliozuka kwenye kikundi chetu cha wasomaji hapa Dunda, mtaa wa Bagamoyo. Tunasoma simulizi moja ya mapenzi inayotumwa kwa WhatsApp, sehemu kwa sehemu. Habari yake ni ya mwaka 1888, wakati Abushiri bin Salim na watu wa Mrima, yaani pwani yetu hii, walipoinuka dhidi ya Wajerumani. Binti aliyetekwa bara anauzwa kwa tajiri mmoja wa Bagamoyo, na moyo wake umebaki kwa mpagazi wa Kinyamwezi aliyekutana naye njiani. Tulipofika sehemu ya saba, mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu wa historia, alivua miwani akaiweka juu ya mkeka.

"Mwanangu," akaniambia, "bibi yake bibi yangu aliuzwa. Leo mnataka niketi hapa nisikilize jinsi alivyokuwa akiona haya kutazamwa?"

Hakuna aliyejibu. Na hoja yake ni nzito, haitaki kupitiwa juujuu. Hadithi ya mapenzi ina kanuni yake, alisema: moyo sharti upate unachokitaka. Ukiichukua kanuni hiyo ukaiingiza katika nyumba yenye watumwa, mwenye nyumba anageuka mchumba na bei inageuka mahari. Msichana wa kidato cha tatu atakumbuka udi, marashi na mlango wa nakshi, na utumwa atauona kama njia ndefu ya kumpata mume. Akatoa mfano wa Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja. Mama yake alikuwa suria Mcherkesi, yaani mwanamke wa kununuliwa, na bado katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886 binti huyo aliutetea utumwa wa kwao kuwa si sawa na ule wa Marekani. Ikiwa mtoto wa suria mwenyewe aliweza kufunikwa macho na utamu wa nyumba ya baba yake, aliuliza mwalimu, sembuse msomaji wa leo?

Simulizi yenyewe nayo imempa silaha. Katika sehemu ya tano binti ananunuliwa asubuhi, na jioni anajitazama kwenye kioo akitabasamu. Nilisoma mara mbili, nikaona aibu kwa niaba ya mwandishi. Tena bei yake imetajwa kwa shilingi, wakati shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja na Waingereza, miaka ya 1920. Mwaka 1888 sokoni kulikuwa na riale na rupia. Mwandishi asiyejua mtu aliuzwa kwa fedha gani hajakaa na huyo mtu vya kutosha.

Lakini kosa la mwandishi si kosa la mapenzi. Hapo ndipo mimi na mwalimu tunapoachana. Wanaotaka utumwa uandikwe bila mapenzi, kwa heshima ya waliouzwa, wanawanyima watu wale kitu ambacho hata minyororo haikuweza kukifikia. Na wanasahau kwamba katika nyakati zile mkono wa sheria ulimshika mtu hasa pale alipotaka kupenda. Kijakazi, yaani mtumwa wa kike, hakuolewa bila idhini ya bwana wake. Mahari yake ilikuwa ya bwana wake. Mtoto wake alifuata hali ya mama, isipokuwa baba akiwa ni bwana mwenyewe na akamkubali. Mwanamume mtumwa hakuwa kufu, yaani wa hadhi sawa ya kuoana, na binti muungwana, mzaliwa wa watu huru, hata awe na adabu na ufundi kiasi gani. Ukiyafuta mapenzi katika habari hizo utabaki na orodha ya kodi na vita.

Kuna amri moja ambayo tangu niisome sijaweza kuiacha. Desemba 1904 serikali ya Wajerumani ilitangaza kwamba mtoto wa mtumwa atakayezaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 atakuwa huru. Inasomeka kwa mstari mmoja. Sasa mweke hapa Bagamoyo kijakazi mwenye mimba ya miezi tisa, Desemba hiyo ya 1905, na mumewe anayempenda, mtumwa mwenzake. Uchungu ukimshika Jumapili ya tarehe 31 mchana, mtoto anazaliwa mali ya mtu. Akichelewa mpaka alfajiri, mtoto ni wa mama yake. Mkunga afanye nini? Amwambie asukume, au amwambie ajizuie?

Na hapo sijagusa jambo lililoninyima usingizi. Kwa hesabu yetu ya pwani siku huanza magharibi. Jua likizama Jumapili, huo ni usiku wa Jumatatu. Hata leo bibi zetu husema hivyo. Mtoto aliyezaliwa saa mbili usiku, kwa mkunga na kwa kila aliyekuwa ndani ya nyumba ile, alizaliwa Jumatatu. Kwa karani wa Boma, anayehesabu siku kuanzia saa sita usiku, alizaliwa Jumapili. Mtoto huyo huyo, saa ile ile, ni huru mlangoni kwa mamaye na ni mtumwa kwenye daftari. Baba yake angesimama mbele ya meza ya karani na kusema nini? Angeapa kwa nani?

Endelea mbele kidogo. Wanandoa hao tayari wana mtoto wa kwanza, wa mwaka 1903. Wadogo zake waliozaliwa baada ya amri ni huru, yeye siyo: baba mmoja, mama mmoja, mkeka mmoja. Asipokombolewa au kupewa hati ya uhuru, atabaki hivyo mpaka Waingereza watakapofuta utumwa Tanganyika mwaka 1922. Mwaka 1921 ana miaka kumi na minane na amempenda binti wa waungwana, mtaa wa pili. Baba wa binti anamwambia bila ukali, "Kijana, wewe si kufu wetu." Nani atanisimulia kilio cha kijana huyo? Sheria haikukiandika. Riwaya ya mapenzi inaweza, na sioni utungo mwingine wenye subira ya kukaa naye mpaka mwisho.

Hata uhuru ulikuja na ndoa ya kupangiwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakawakomboa watoto wa utumwani na kuwalea. Walipofikia umri wakawaozesha na kuwapa makazi na shamba katika kijiji cha Kikristo. Ilikuwa rehema, sikatai. Ila binti aliyenunuliwa mara ya kwanza na mfanyabiashara na mara ya pili na padri, kisha akaonyeshwa mume, alikuwa na neno lake kuhusu mume huyo. Nalitaka neno lile.

Mpagazi wa kwenye simulizi yetu naye mwalimu alimwita "mtumwa mwingine wa kupambwa". Hapo alikosea, na mwenyewe anajua. Wanyamwezi wengi walioshuka Bagamoyo walikuwa wapagazi wa ujira. Walibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo thelathini, mwendo wa kama miezi mitatu kutoka Unyanyembe, upande wa Tabora, na kuiona pwani kulikuwa sifa ya uanaume. Kijana alirudi na kitambaa na ushanga akaweza kuposa. Ndiyo maana wengine hulifasiri jina la mji wetu kuwa mahali pa kubwaga mzigo na moyo ukatulia, wakati watembeza wageni hushikilia maana moja tu, ya mateka aliyekata tamaa. Mji uliopokea maelfu ya vijana wenye ujira mkononi, msimu baada ya msimu, haukuwa mji wa vilio pekee. Palipendwa hapa.

Anayetaka ushahidi nje ya riwaya, amtazame Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa hapa hapa Dunda. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, ambacho hadi leo wasomi hukifungua wakitaka kujua harusi, jando na watumwa wa Mrima, kwa sehemu kubwa ni kazi yake. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata walitaka kuja kuishi huku. Serikali ya kikoloni ikakataa kumpokea mzungu aliyeolewa na mtu mweusi, wakarudi Ujerumani. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Serikali hiyo hiyo iliyojisifu kwa kuwaacha huru watoto wa watumwa, mwaka uliofuata amri yake ilishindwa kumvumilia mke na mume wakishuka chomboni pamoja. Jambo hilo tunalijua kwa sababu watu wawili walipendana.

Kuhusu suria, namwachia mwalimu nafasi yake. Mwanamke asiyeweza kukataa hawezi kusemwa amekubali, na mwandishi anayempa bwana wake penzi lake lote kwa bei ya mkufu anastahili kukemewa. Hata hivyo suria aliyezaa na bwana wake hakuweza kuuzwa tena, na bwana akifa aliachwa huru. Kwa hiyo tabasamu lake mbele ya kioo lingeweza kuwa hesabu, lingeweza kuwa hofu, lingeweza hata kuwa mapenzi yaliyomea mahali pabaya. Mwandishi wetu alipaswa kukaa pale kwenye kioo kurasa kumi. Alikaa mistari mitatu.

Nilimwuliza mwalimu kama kwao wanajua bibi yule alimpenda nani. Alifikiri sana. Wanajua alitoka upande gani wa bara na alifikia nyumba ya nani. Kuhusu hilo jingine, alisema, hakuna aliyewahi kumwuliza mwenziwe.

Amekubali kuja tena Alhamisi, kwa sharti kwamba sehemu ya nane isomwe kwa sauti mbele yake, na kwamba akiinua mkono, msomaji anyamaze.