Rafiki: marufuku ya Nairobi na safari ya Wanuri Kahiu

Mei 2018, Rafiki, hadithi ya mapenzi ya wasichana wawili iliyoongozwa na Wanuri Kahiu, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Wiki chache kabla, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilishaipiga marufuku kwa madai kuwa inapigia debe usagaji. Kahiu alieleza kwamba alitakiwa abadilishe mwisho wake kwa sababu unaacha matumaini. Akakataa.

Bodi ina hoja. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinaweka kifungo cha hadi miaka 14 kwa ngono "kinyume na maumbile", na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Watetezi wa bodi huuliza: taasisi ya serikali itawezaje kukipigia muhuri kinachokatazwa na sheria ya nchi hiyo hiyo? Nami nitajibu kwamba kuonyesha jambo si kulitenda. Filamu za majambazi hupita kila wiki.

Hoja inayonisumbua zaidi ni ya fedha. Rafiki iliundwa kwa ubia na watu wa Afrika Kusini, Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na Norway. Mkono mtupu haulambwi, na wapo wanaoamini kuwa msanii anayelishwa na Ulaya atasimulia yanayoipendeza Ulaya.

Lakini itazame filamu yenyewe. Kena anasaidia dukani kwa baba yake na kucheza mpira na vijana wa mtaa. Ziki, mpenzi wake, ana misuko ya rangi rangi. Baba zao wanagombea kiti kimoja cha kaunti, na mama mwenye kibanda anasambaza umbeya wa kila nyumba. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyotwaa Tuzo ya Caine 2007. Huo ni mtaa wetu, hata kama kamera imelipiwa kwa yuro.

Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliisimamisha marufuku kwa siku 7 ili filamu itimize masharti ya kuwania Oscar. Nairobi ilijaa foleni, tiketi zikaisha. Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaipa bodi ushindi.

Wengine husema marufuku ndiyo iliyomjenga Kahiu, maana kufikia 2022 alikuwa ameongoza filamu ya Netflix yenye hadithi ya Kimarekani. Ni nusu ya ukweli. Alishakuwa na jina tangu filamu yake fupi Pumzi ya 2009. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu, nayo filamu ya mapenzi ya jinsia moja, ilipofungiwa Kenya 2014, mzalishaji wake, George Gachara, alikamatwa na kushtakiwa kwa kutengeneza filamu bila leseni, ingawa mashtaka yalifutwa baadaye. I Am Samuel ya Peter Murimi, ya maudhui hayo hayo, nayo ilifungiwa 2021. Hapo sioni aliyetajirishwa na marufuku.

Na marufuku ya bodi ndiyo inayozifanya fedha za nje kuwa za lazima. Mzalishaji anayetegemea tiketi za Nairobi kurudisha gharama hatathubutu kuwagusa kina Kena na Ziki. Atakayethubutu ni yule ambaye hundi yake inatoka Paris au Berlin.