Mbweha akikutazama, picha imeharibika

Usiku mmoja wa Januari mama alinipigia simu kutoka Muheza. Kabla sijamaliza kumwamkia akadakia: "Nani anachinjwa huko?" Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na kelele ilikuwa imemfikia. Nikamwambia hachinjwi mtu, mama, ni mbweha jike anaita dume. Akanyamaza. "Mbweha, London? Na wewe umekaa unamsikiliza?"

Mama amefuga kuku maisha yake yote, na vicheche wamemtia hasara isiyo na idadi. Kwake, mnyama anayezunguka nyumba usiku ni mwizi, basi. Namwelewa. Ila huu ni mwaka wa sita nakaa kwenye dirisha hilo na kamera, na nina jambo la kusema kuhusu namna tunavyowapiga picha wanyama hawa.

Mbweha wa huku si yule bweha wa mbugani kwetu. Ni mwekundu wa kutu, mkia mzito ambao mara nyingi una ncha nyeupe, na uzito wake ni kilo sita hivi. Watu humdhani mkubwa kwa sababu ya manyoya. Walianza kuzoea vitongoji vya London miaka ya 1930, mji ulipopanuka kwa nyumba zenye bustani ndefu nyuma. Serikali za mitaa ziliwaua kwa miaka mingi, kisha kufikia miaka ya 1980 zikakata tamaa, maana ukimwondoa mmoja, mwingine anahamia palepale. Mwaka 2011 mmoja alikutwa ghorofa ya 72 ya jengo la Shard likiwa bado linajengwa, akiishi kwa mabaki ya chakula cha mafundi. Huyo ndiye mbweha wa mjini: hakuombwa kuja, na hakuna aliyeweza kumtoa.

Sasa picha. Zinazosifiwa mtandaoni karibu zote ni za aina moja: uso umejaa fremu, macho ya kaharabu yameielekea lenzi. Nami nilizitafuta hizo kwa miaka miwili. Nilikuwa napiga kidoko kwa ulimi ili ageuke, na aligeuka kila mara. Siku nilipozipanga picha zangu zote kwenye kompyuta ndipo nikaona kitu kilichonisononesha: katika kila moja, masikio yamesimama, mguu mmoja umeinuliwa, mwili umejikaza tayari kukimbia. Nilikuwa na mamia ya picha za mnyama niliyemkatiza shughuli yake. Shughuli yenyewe sikuwa nayo hata moja.

Kwa hiyo nikaacha kumwita. Nazima taa za jikoni, nafungua dirisha kiasi cha lenzi kupita, kamera naiweka kwenye stendi yake, nasubiri. Flashi situmii kabisa. Macho ya mbweha yana utando nyuma unaorudisha mwanga ili aone gizani. Sioni haki ya kumwashia umeme wa ghafla mtu mwenye macho ya namna hiyo. Taa ya barabarani inanitosha, na picha ikitoka na chengachenga, itoke.

Usiku ulionilipa ulikuwa wa Oktoba, mvua imekatika saa tatu, nyasi zimelowa na hewa ina joto kidogo. Saa tano na robo jike akapita chini ya uzio. Hakuja kwenye mapipa ya taka kama watu wanavyofikiri. Alitembea polepole mno katikati ya bustani, kichwa chini, masikio yakicheza moja moja, akisikiliza nyungunyungu wakitambaa juu ya nyasi. Akasimama. Akashusha mdomo taratibu, akamshika mmoja kwa meno ya mbele. Hakumvuta kwa nguvu, angekatika. Alimnyoosha mpaka akawa kama uzi, akatulia, kana kwamba anampa nafasi ya kuchoka, halafu akamvuta tena mpaka akatoka mzima. Nilimhesabia kumi na saba. Hakunitazama hata mara moja. Picha ninayoipenda kuliko zote ni ya usiku huo: uso wake hauonekani vizuri, uzi ule tu ndio unaong'aa kati ya mdomo na ardhi.

Jirani yangu wa upande wa pili, mzee mstaafu, ana njia nyingine. Huwalisha soseji mkononi, na picha zake ni kali, nakiri. Nilikwenda kumwambia kwamba mbweha anayeutegemea mkono wa binadamu atakwenda pia kwenye mlango wa asiyempenda. Tena wakikusanyika wengi kwenye sahani moja, upele unaoletwa na utitiri unasambaa upesi. Ulipoingia Bristol mwaka 1994 ulifagia zaidi ya asilimia 90 ya mbweha wa mji ule. Niliwahi kumwona mmoja mwenye upele kwenye bustani yangu, mkia umebaki ngozi tupu, akijikuna mpaka anaanguka. Sikumpiga picha.

Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema tangu mkewe afariki, mbweha yule ndiye pekee anayefika mlangoni kwake kila jioni. Nilikosa la kumjibu. Nikakaa, tukanywa chai.

Bado naamini nilichomwambia. Uoga wa mbweha ndio unaomlinda na mbwa, na magari, na watu wenye chuki; mbweha wengi hufa kabla ya kutimiza miaka miwili hata wakiwa na uoga huo. Hatuna ruhusa ya kuupunguza kwa ajili ya picha, wala kwa ajili ya upweke wetu. Tulipatana hivi: akitaka kuweka chakula, akiweke kidogo mwisho wa bustani, giza likishaingia, mahali tofauti kila siku, kisha afunge mlango na kutazama kwa dirishani. Wiki ya kwanza alilalamika kwamba haoni kitu. Wiki ya tatu alinigongea asubuhi na mapema, bado na nguo za kulalia. Alikuwa amemwona jike akikibeba chakula, akichimba kwa miguu ya mbele chini ya mti wa tofaa, akikifukia na kuusawazisha udongo kwa pua. Miaka yote ya soseji hakuwahi kuliona hilo.